Mama Kaburi

Kabale aliigiza filamu moja tu maishani mwake, nayo ilikuwa bubu. Ndiyo maana kila mwenye mdomo alimsemea.

Mwaka wa 1970 watu wa kampuni moja ya maziwa ya kopo walimkuta kwake Burat akifukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto ili maziwa yasiharibike, kama afanyavyo kila mama wa Kiborana anayejiheshimu. Wakamwomba arudie mbele ya kamera. Akavaa shanga zake, akafukiza, akakamua, akamnywesha mwanawe mchanga, Tadicha. Mtoto akashiba, akalala fofofo. Wageni wakamwachia kopo moja, wakaenda zao.

Filamu iliporudi, baada ya usingizi ule lilitokea kaburi. La nani, hakuna aliyeuliza. Salesio, mtangazaji wa gari la sinema, akanguruma kwenye kipaza sauti: "Mama huyu mchafu ametia makaa katika maziwa. Mtoto amekufa. Nunueni ya kopo." Na uwanja mzima wa Chechelesi, pale mjini, watu waliokunywa maziwa ya moshi asubuhi hiyohiyo, wakamlilia mtoto na kumzomea mama. Watu wenye akili zao, eti. Tangu hapo, kila gari lilipokuja, Kabale aliua upya, na jina lake likawa Mama Kaburi. Aliwadharau wote sawasawa, akanyamaza.

Lakini mwaka wa 1989 Tadicha alitaka kumwoa binti wa Halkano wa Merti, na kwa Waborana posa hupelekwa kwa buni za kahawa. Halkano akaja mjini kumchunguza mama wa kijana, maana huyo ndiye huchunguzwa kwanza. Wenyeji, kwa roho zao nzuri, wakampeleka moja kwa moja kwenye sinema. Kabale na mwanawe wakamfuata.

Kaburi likatokea. Halkano akamgeukia Kabale.

"Huyo mtoto ni wewe ulizaa?"

"Ni mimi."

"Na alikufa?"

Kabale akamshika Tadicha mkono, akamsimamisha mbele ya kitambaa cheupe, mwanga ukampiga usoni.

"Maiti ndio huyu. Salesio, wewe umemzika miaka yote hii. Sasa ambia watu nani alimfufua."

Salesio, bingwa wa kuwasemea wengine, akazima kipaza sauti. Watu wakamcheka, walewale waliomzomea Kabale. Hakuwashukuru.

Halkano alimkagua kijana kuanzia miguuni hadi utosini, bila haraka.

"Marehemu ana afya," akasema. "Leteni buni ya posa Merti."