Shuka la Mwezi wa Saba

Kitanda cha mtoto kilinuka samaki, na nyumba nzima ilijua hivyo isipokuwa Binsar. Alikuwa amekiunda mwenyewe kwa mbao zilizobaki alipotengeneza vizimba vyake vya samaki kule ziwani. Alizipiga msasa siku tatu, akazipaka rangi nyeupe mara mbili, na bado Tiurma mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, alipita kila asubuhi akaikunja pua.

"Mwanangu atatoka tumboni mwangu aingie kwa sato," alisema.

"Atajua kuogelea mapema."

"Na harufu je?"

"Harufu gani? Hiyo pua yako ya mimba hiyo. Juzi ulisema hata sabuni inanuka."

Tuseme mapema kabisa kwamba Binsar hakuwa mtu mbaya, maana huko mbele mtataka kumlaani. Tangu tumbo lilipomzuia mkewe kuinama, yeye ndiye aliyemkata kucha za miguu, akimshika kisigino kama mtu anayeshika yai. Alimchemshia maji ya kuoga kabla hajaenda ziwani. Kosa lake ni kwamba aliogopa, na katika kuogopa kwake alipata mtu wa kumsikiliza.

Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka ikiwa na miezi mitano. Mama yake Tiurma alihamia pale wiki mbili, akalala chini kando ya kitanda, akafua zile nguo za damu kwa mikono yake ili bintiye asizione. Mwezi uliofuata akaja mhubiri mmoja kutoka mjini, Mchungaji Rikson, akapanga ukumbi juu ya duka la misumari na kuanza ibada. Binsar alikwenda mara moja kusikiliza gitaa. Mara ya pili alikwenda kuuliza kwa nini Mungu alimchukua mtoto wake.

"Siku ya harusi mlifunikwa nini?" mchungaji aliuliza.

"Ulos, mchungaji."

"Nani aliyeifuma?"

"Mama mkwe."

Mchungaji alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu kama daktari mwenye habari mbaya. Alisema kila uzi wa shuka lile ulikuwa na jina la mizimu, na kwamba mlango ulifunguliwa hapo. Sasa, Wabatak wote, kabila la Binsar na mkewe, hufunikwa ulos siku ya harusi, mama wa bibi arusi huwazungushia wawili hao shuka moja ili wawe kitu kimoja. Wenye watoto tisa walifunikwa vilevile. Lakini siku ile hakuna aliyekumbuka kumwambia mchungaji hivyo.

Binsar na mkewe wakalichoma nyuma ya nyumba, ndani ya pipa la mafuta. Pamba ile nzito haikuwaka upesi. Ilifuka moshi mchana kutwa, na Tiurma alisimama pale akikohoa hadi likawa jivu. Baada ya hapo, kila mama yake alipokuja alisema, "Lile shuka la harusi ulianike, mama, nondo wasije wakalila." Na Tiurma alijibu, "Lipo kabatini, mama, nimeliwekea karafuu." Mara ya kwanza uongo huo ulimkwama kooni. Mara ya nne ulitoka wenyewe, tena na karafuu juu.

Mimba hii ilipofika mwezi wa saba, kila mtu alijua kitakachofuata. Mama angekuja na samaki mzima aliyepikwa na magamba yake, na angekuja na shuka la kumfunika binti mwenye mimba.

"Mwambie mama samaki aje, shuka libaki," Binsar alisema. "Wewe ni mwanawe, atakuelewa. Mimi mkwe nitaanzia wapi?"

"Nitamwambia."

Zilipita wiki tatu. Tiurma alipiga simu mara sita, akauliza habari za kuku, akauliza habari za mgongo, akakata. Binsar hakuuliza kama amesema, maana angejibiwa hapana ingebidi aseme yeye.

Jumamosi saa nne mama alifika na kikapu cha mchele kichwani, akifuatana na Mangasa, mdogo wa marehemu mumewe, aliyevaa koti jeusi la kanisani na kubeba sufuria la samaki kwa mikono miwili.

"Horas, wenye nyumba!" mama aliita kutoka barabarani, bila haya. "Baba, mbona umekonda hivyo? Huyu binti yangu anakupikia au anakutazama tu?"

"Ananitazama tu, mama," Binsar alisema, akampokea kikapu kwa mikono miwili.

"Na wewe usimpe ruhusa! Mtazame! Amenenepa peke yake!"

Walicheka wote. Mkeka ulitandikwa, nyama ya nguruwe ya kuwakirimu wakwe ilikuwa tayari jikoni, na baba mdogo Mangasa akaomba sala ndefu iliyomtaja kila nabii aliyemkumbuka. Samaki akawekwa mbele ya Tiurma, kichwa kikimwelekea. Mama akammegea kipande cha kwanza na kumlisha kwa mkono, na ule ukali wa viungo vya nyumbani ulimtoa Tiurma machozi, au alisema ni viungo.

Kisha mama akachimba chini ya mchele akatoa shuka. Lilikuwa la rangi ya buluu iliyokolea, na mistari myekundu pembeni, na nyuzi nyeupe zimesokotwa mwishoni moja moja. Alilitandaza mapajani akalipapasa.

"Miezi minne," alisema. "Na haya macho yangu ya kuku jioni! Mgongo nao ulikuwa unaniambia, wewe bibi, kanunue sokoni. Nikauambia nyamaza, huyu ni mjukuu wangu wa kwanza wa kumshika." Akainua kichwa. "Haya mama, lete na lile la harusi. Niyaweke yote mawili begani."

Tiurma aliendelea kutafuna, ingawa mdomoni hamkuwa na kitu.

"Hukunisikia? Lile la kabatini."

"Halipo, mama," Binsar alisema. Alisema kwa adabu zote, kichwa chini, magoti pamoja, kama inavyompasa mkwe. "Tulilichoma."

Baba mdogo Mangasa aliweka kijiko chini. "Mlichoma nini?"

"Shuka, baba mdogo. Mchungaji alituonyesha. Ile mimba iliyotoka... alisema mlango ulifunguliwa kwa lile shuka."

"Mchungaji gani? Mimi ni mzee wa kanisa mwaka wa ishirini na sita huu! Nimebatizwa na ulos, nimeoa na ulos, kaka yangu nimemzika na ulos, na kwaya ikiimba! Huyo mchungaji wa juu ya misumari amezaliwa lini?"

"Mangasa, ngoja," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ngoja nielewe. Baba, lile shuka nililifuma mimi."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua mjukuu wangu."

"Sikusema hivyo, mama."

"Umesemaje basi?"

Hakukuwa na njia nyingine ya kulisema jambo lile, na Binsar alikuwa ameishi nalo mwaka mzima bila kuligundua hilo.

Mama akamgeukia bintiye. "Na wewe, mama? Wewe unasemaje?"

Hapo ndipo Tiurma angeweza kusema. Maneno yalikuwepo, mafupi tu: nifunike, mama. Alimtazama mwanamke aliyelala chini kando ya kitanda chake wiki mbili, akaviona vidole vyake vyenye rangi ya buluu kwenye kucha. Lakini mtoto aligeuka tumboni, na Tiurma akakumbuka asubuhi ile mtoto mwingine alipoacha kugeuka, na woga ukamrudia. Itakuwaje kama ni kweli? Alijua kuwa ni wazo la kipumbavu, na bado lilimshinda.

"Mama," alisema, "lirudishe nyumbani kwanza. Mpaka nijifungue salama."

Mama alilikunja shuka. Alilikunja kama alivyomfundisha Tiurma alipokuwa mdogo, pembe kwa pembe, nyuzi ndani, bila haraka. Akalirudisha kikapuni, akasimama, akaiweka sawa sketi yake.

"Samaki mleni," alisema. "Huyo hakufumwa."

Nyama ya wakwe ilibaki jikoni mpaka ikapoa.

Miezi miwili ilipita. Tiurma alipiga simu, na mama alipokea kila mara, hilo halikuwa tatizo. "Sijambo. Kula vizuri. Kuku wazima." Hakuuliza kitu. Tiurma alijifungua zahanati, mtoto wa kiume, kilo tatu na robo, mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya ziwa, wakamwita Yosafati. Kitandani kando yake hakukuwa na mama. Mama mzazi wa Binsar alikwisha kufa, na kina dada wa ukumbini walikuja mara moja, wakaimba nyimbo tatu, wakaacha ndizi. Maziwa yalichelewa. Kila mwanamke wa Kibatak akizaa, mama yake humpikia supu ya majani ya kuleta maziwa; Tiurma aliyanunua majani hayo sokoni, akayapika mwenyewe akiwa amesimama kwa shida, yakawa machungu.

Siku ya tano mtoto alikohoa. Yalikuwa maziwa tu yaliyopita njia isiyo yake, lakini Binsar alipinduapindua kabati, akatazama chini ya godoro akitafuta chochote kilichofumwa, akapata kimkoba kidogo cha kufuma ambacho Tiurma aliwekea penseli zake za shule. Akakitupa nje kwa ncha za vidole. Tiurma alimtazama toka kitandani, na kwa mara ya kwanza alichokisikia kifuani hakikuwa woga. Zilikuwa hasira, na hasira hizo zilikuwa zimechelewa mno.

Siku ya kumi na mbili mama alikuja, peke yake, mchana. Alipiga hodi. Hakuwa amewahi kupiga hodi katika nyumba ile.

"Bwana Binsar, hujambo? Kazi zinaendaje?"

Tangu siku ya uchumba alikuwa akimwita baba. Binsar alisikia tofauti hiyo, akamwamkia shikamoo kwa sauti ndogo, akasema samaki wanasubiri chakula, akatoka na ndoo.

Mama alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Akatoa mfuko wa plastiki wa dukani, na ndani yake taulo la njano lenye picha ya bata, karatasi ya bei ikining'inia.

"La dukani," alisema. "Limefumwa na mashine. Risiti imo humo, mumeo akitaka kuhakikisha."

"Mama..."

"Supu sikuleta. Majani yake nayachuma nyuma ya nyumba yangu, mngeanza kuulizana yameota juu ya nini."

"Mama, lile shuka liko wapi? Nilitaka kukuomba..."

"Nimeliuza. Alikuja mtalii sokoni akauliza kama litafaa kufunika meza. Nikamwambia litafaa sana."

Tiurma alilia, na hakuna aliyemnyamazisha. Alipomaliza alimwinua mtoto, akavuka chumba kwa hatua zake za mzazi mpya, akamnyooshea mama yake.

"Mbebe, mama. Nisamehe. Mbebe tu."

Mama aliinuka akamsogelea. Aliinamisha uso karibu kabisa, hata pumzi yake ikazitikisa nywele za mtoto. "Ana masikio ya marehemu baba yako," alisema, na sauti ikamtetereka. Lakini mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo, mmoja umeushika mwingine, na Tiurma aliona jinsi ilivyokazana.

"Mbebe, mama."

"Macho yananitosha. Kesho akipata hata mafua, mama, sitaki iwe ni mkono wangu. Nimeshaua mmoja."

Mtoto akaanza kulia. Kichwa kilikuwa kinamning'inia kidogo, na mama aliona kabla ya Tiurma. "Siyo hivyo. Mwinue. Mkono uje chini ya shingo. Chini zaidi. Hapo." Akamwelekeza kila kitu kwa maneno, jinsi ya kumgeuza, jinsi ya kumpiga mgongoni acheue, jinsi ya kumshika makwapani wakati wa kumwogesha, amesimama hatua moja kutoka kwake, mikono nyuma. Mtoto aliponyamaza, mama alichukua mfuko wake mtupu akaukunja pembe kwa pembe.

"Kula vizuri," alisema, akaondoka.

Binsar alirudi baada ya nusu saa, suruali imelowa hadi magotini. Akaliona taulo, akaligeuza, akaisoma risiti. Katika kitanda chake kinachonuka samaki, Yosafati alipiga chafya.

Binsar akashtuka. "Alimgusa?"

"Hapana," Tiurma alisema. "Hakumgusa."

"Bwana asifiwe," Binsar alisema, akashusha pumzi, akangoja mkewe aitikie amina kama siku zote.

Tiurma alimwinua mtoto, mkono chini ya shingo, chini zaidi, kama alivyoelekezwa. Hakuitikia.