Kadi ya Mkeka

Alhamisi ya kwanza ya Julai 1955, siku ya gulio la Nyaishozi, wanachama wa maktaba walipanga foleni kuhuisha kadi zao. Maktaba ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa jengo la baraza. Ndani kulikuwa na kabati la vitabu themanini na vinne, meza, kiti cha karani, na kanuni tisa zilizobandikwa ukutani. Kuhuisha kadi hakukuwa kazi kubwa. Mwanachama alisimama mbele ya meza, akazisoma kanuni kwa sauti, karani akagonga muhuri, mwanachama akaenda zake kununua chumvi.

Kokushubira, mjane wa miaka sitini na miwili mwenye kibanja cha migomba na kahawa nyuma ya gulio, alizisoma zote tisa bila kukosea hata silabi. Alizisoma akiwa ameuelekea ufagio ulioning'inia nyuma ya mlango.

Karani aliitwa Cassian, kijana wa Kamachumu aliyelelewa akaleleka. Alingoja mpaka mama amalize.

"Mama, kanuni ziko ukuta wa huku."

"Kwani nimekosea neno?"

"Hata moja."

"Basi gonga muhuri, mwanangu."

"Mama, umesoma ufagio."

Watu wa foleni walicheka, naye Kokushubira akacheka, kwa sababu ilichekesha. Lakini muhuri haukugongwa. Kanuni ya kwanza ilisema kadi ni ya msomaji, na msomaji ni yule azionaye herufi. Tangu Kwaresima macho ya Kokushubira yalikuwa yameingia ukungu, na kufikia Mei ukungu ule ulikuwa umekuwa ukuta. Daktari wa misheni alisema ni mtoto wa jicho, na hajakomaa, asubiri. Cassian aliitia kadi kwenye droo, akaomba radhi mara mbili, akamwambia kwamba kitabu alichokwisha kukiazima aendelee kukaa nacho siku kumi na nne za mwisho, kama kanuni inavyoruhusu, kisha akirudishe.

Kitabu chenyewe kilikuwa na jalada jekundu na kurasa mia moja na arobaini. Kilimhusu mpishi wa msafara aliyeshtakiwa kwamba alimtilia bwana wake sumu kwenye mchuzi. Ukungu ulimfikia Kokushubira kwenye ukurasa wa sitini na moja, mpishi akiwa amesimama mbele ya hakimu na hajafungua kinywa. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa amepikia watu miaka arobaini na tano, na alijua jinsi ilivyo rahisi kumsingizia mpishi, tena alijua jinsi mpishi anavyoweza kuchoka. Alitaka kujua kama aliua au hakuua, na sasa alikuwa na siku kumi na nne.

Kwanza alijaribu macho ya watu. Jovitha, mke wa mwanawe, alisoma kama asalivyo rozari, upesi na kwa sauti moja, akitaka kufika mwisho kabla maharage hayajaungua. Shemeji yake Kahigi, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maktaba, na alisoma kwa madaha, miguu ameinyoosha. Lakini Kahigi alikuwa mtu wa kutengeneza mambo. Kila mwanamke aliyejibu kitabuni alimnyamazisha, na kufika ukurasa wa sitini na tatu mpishi alikuwa ameoa, ana watoto wanne na ng'ombe.

"Shemeji, hayo yameandikwa?" Kokushubira aliuliza.

"Yangeandikwa," Kahigi alijibu, "kama mwandishi angekuwa na akili."

Kokushubira alimshukuru, akampokonya kitabu. Kilikuwa kiangazi, na alikuwa amechemsha kahawa ya kutafuna pamoja na majani yake ya kunukia, ikingoja kuanikwa. Kesho yake asubuhi alitandika mkeka mkubwa uani, akamwaga kahawa, akakitia kitabu chini ya mkeka katikati ili Kahigi asikione. Jua lilipopanda alipeleka mkono kupima kama punje zimeanza kukauka. Hazijakauka. Zilikuwa zimejipanga mistari, na chini ya kidole chake cha shahada palikuwa na maneno: Hakimu akamuuliza mara ya pili.

Ulikuwa ukurasa wa sitini na moja, mstari wa tatu, pale pale alipoachia. Kokushubira alisogeza kigoda, akaendelea. Alipofika chini ya ukurasa aliigeuza kahawa kwa mkono, kama kila mtu anavyoigeuza kahawa isioze upande mmoja, na punje zikatambaa, zikagongana kidogo, zikatulia kwenye ukurasa wa sitini na mbili.

Jovitha alitoka jikoni na mwiko.

"Mama, kahawa imeandika."

"Imeandika vizuri. Ila pale penye kivuli cha mgomba herufi zimelegea. Hebu ulikate lile jani."

Jovitha alilikata jani. Kutoka siku hiyo Kokushubira alisoma kurasa sita kwa siku, saba jua likiwa kali. Kahawa haikurudi nyuma hata mara moja. Ukishaigeuza, ukurasa umepita, kwa hiyo alisoma polepole na hakuruka kitu. Siku ya tano kuku alimeza nukta, na sentensi ile ikaendelea mpaka Jovitha akaita watu wa nyumbani kwenye sala ya jioni. Majirani walipita kuulizia mpishi anaendeleaje. Wengine walileta kahawa zao mbichi zijifunze, lakini zilikaa tu zikakauka.

Habari zilimfikia Kahigi kwamba mali ya maktaba imewekwa chini ya kahawa yenye maji. Siku ya kumi na tatu, saa nane mchana, alifika uani akiwa na Cassian kukagua uharibifu. Walimkuta Kokushubira amepiga magoti kwenye ukurasa wa mia moja thelathini na nane. Wakili wa mpishi alikuwa anamaliza, hakimu alikuwa amesafisha koo, na maneno ya hukumu yalikuwa yako viganja viwili tu mbele ya vidole vyake.

"Hodi hapa," alisema Kahigi.

"Karibuni, karibuni sana."

Wageni walikaa. Walimwamkia, akaitikia, kisha wote wakaingojea kahawa, maana mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajatafuna kahawa. Jovitha alikwenda ndani kuchukua kikapu kidogo cha kahawa ya wageni, akarudi nacho. Kilikuwa kitupu. Kwa siku kumi na tatu kahawa yote ya nyumba ile ilikuwa kitabu, na hakuna aliyewafungia wageni hata punje moja kwenye jani la mgomba.

"Mama," Jovitha alinong'ona, "niwape ya pembeni?"

Pembeni hapakuwa na kitu. Hakimu yule alikuwa msemaji, ukurasa ulijaa mpaka ukingoni mwa mkeka. Na hata kama pangekuwa na kitu, mgeni hapewi makombo ya pembeni. Kokushubira alifikiri juu ya mpishi. Alifikiri pia juu ya mama yake mzazi, aliyekufa bila kuaibishwa na mgeni hata mmoja. Roho ilimuuma kama jino. Kisha akapeleka mikono yote miwili katikati ya mkeka, pazuri kuliko pote, akachota, akawagawia.

Kahigi alipata wakili. Aliongea kama wakili mpaka jua likazama, akikumbusha watu kila baada ya muda kwamba shahidi hakuwepo jikoni. Cassian alipata hukumu. Alitafuna, akaacha kutafuna, akasema, "Ahaa."

"Umekuta nini, mwanangu?" aliuliza Kokushubira.

"Hukumu, mama."

"Inasemaje?"

Cassian alimeza. Alimpenda mama huyu, na alisikitika kweli kweli. "Kanuni ya saba, mama. Karani hamsomei wala hamsimulii kitabu mtu asiye na kadi."

Kokushubira hakumgombeza. Aliigeuza kahawa. Ukurasa uliofuata ulianza: Baada ya maneno hayo ya hakimu watu walitawanyika, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa shukrani kwa mpiga chapa. Kesho yake alikirudisha kitabu, kikavu, hakina hata doa, na papo hapo akaomba kadi mpya ili akiazime tena.

Kamati iliketi Jumatatu uani kwake, wanaume watano kwenye viti vya kuazima. Safari hii Jovitha alikuwa amewawekea kahawa yao kando mapema. Cassian alikitia chini ya mkeka kitabu kutoka kabatini, kimefungwa kwa kamba, hakuna aliyekifungua. Jua likapanda, kahawa ikaandika ukurasa wa kwanza wote pamoja na bei ya kitabu. Wajumbe walikwenda wakainama, wakahakikisha, wakarudi kukaa.

Ubishi ulikuwa mmoja tu: kahawa inasoma, au inaandika? Kahigi, ambaye uwakili ulikuwa bado haujamtoka sawasawa, alisimama. Alisema hakuna awezaye kunakili kitabu kilichofungwa bila kwanza kukisoma. Kwa hiyo kahawa ni msomaji, na kanuni ya kwanza imetimizwa. Mjumbe mmoja alipinga kwamba kahawa hutafunwa na kuuzwa, na kitabu kikipotea kamati itamdai nani. Kahigi alisema mkeka hautafunwi. Mkeka una nyumba, una mahali unapojulikana, na haujawahi kuhama. Wajumbe waliona ni neno la busara. Wakakata shauri, na kadi namba thelathini na moja ikaandikwa kwa jina la mkeka.

"Na mimi?" aliuliza Kokushubira.

"Wewe, shemeji, hongera," Kahigi alisema. "Wewe ndiwe mwenye mkeka."

"Shemeji, mkeka haujui mpishi ni nani. Anayesoma ni mimi, kwa vidole hivi."

"Vidole havioni, shemeji. Tusivunje kanuni mchana kweupe."

Wajumbe walipiga makofi, wakamaliza kahawa yao, wakarudisha viti.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku ya gulio. Kokushubira aliubeba mkeka kichwani, umekunjwa, mpaka barazani mwa maktaba. Wasio na kadi hawakuruhusiwa kuvuka kizingiti, kwa hiyo Cassian alitoka, akaupokea mkeka kwa mikono miwili, akauingiza ndani, akausimamisha mbele ya kabati. Baada ya muda aliurudisha pamoja na kitabu. Mwanzoni Kokushubira alimwambia, "Uambie uazime kile chekundu." Cassian alijibu kwamba karani haingilii uchaguzi wa msomaji, na kwamba kamati imeelekeza mwanachama mgeni aanze na vitabu vya manufaa. Mkeka ukapewa kitabu cha uchimbaji wa choo. Ukapewa cha kupogoa mibuni, halafu cha usafi wa maziwa, halafu kingine cha choo, cha mwandishi tofauti. Kokushubira alivisoma vyote mpaka mwisho, kwa sababu msomaji ni msomaji, na choo alichochimbiwa na mwanawe mwaka ule kilisifiwa mpaka Kituntu.

Kile chekundu kilikuja Januari, katika kiangazi kifupi. Alikianza ukurasa wa kwanza, kwa furaha ambayo hakuificha. Aliwaambia majirani, na nyumba ikawa na watu. Vidole vilikuwa vimezoea, sasa alisoma kurasa kumi na moja kwa siku, kumi na mbili jua likiwa kali. Siku kumi na mbili mfululizo mpishi alipika, akashtakiwa, akafungwa, akasimamishwa kizimbani. Siku ya kumi na tatu Kokushubira aliwaomba watu wote waende makwao, akakaa na ukurasa wa mia moja thelathini na nane peke yake.

Wakili alikuwa nusu. Hakimu alisafisha koo. Halafu palikuwa na uwazi wa viganja viwili, mkeka mtupu. Alimwaga kahawa nyingine pale. Punje ziliondoka taratibu, zikauzunguka uwazi ule, zikaungana na nyingine zilizokuwa mstari wa chini, penye sahihi ya hakimu. Akamwaga tena, zikaondoka tena. Kilicholiwa na mgeni kimeliwa. Aliweka viganja vyake juu ya uwazi, akakaa hivyo mpaka jua likaondoka uani. Akasema, ingawa hapakuwa na wa kumsikia isipokuwa kuku, "Hili limeniuma."

Alhamisi alikirudisha. Cassian alitoka na daftari jipya ambalo kamati ilikuwa imeliagiza kutoka Bukoba. Mwishoni mwa kila mstari kulikuwa na sehemu ya maoni ya msomaji.

"Andika kwamba ukurasa wa mia moja thelathini na nane una pengo," alisema Kokushubira. "Andika nataka kujua kama yule mpishi aliua au hakuua, na kwamba kuna mtu humu anayejua. Andika pia kwamba nimeumia."

Cassian alichovya kalamu, akaishikilia juu ya daftari mpaka wino ukadondoka.

"Mama, nisamehe. Hapa ni maoni ya msomaji."

Alichuchumaa, akaukunjua mkeka kidogo pembeni, akauuliza kwa heshima kama una neno. Mkeka haukuwa na hata punje moja. Alingoja muda wa kutosha, maana alikuwa mtu wa haki, na Kokushubira naye alingoja, mkono wake uko kwenye nguzo ya baraza. Kisha Cassian akainuka, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, akausoma kwa sauti ili mama asikie:

"Msomaji hana malalamiko."

Akagonga muhuri.