Kiangazi cha Léopoldville

Agosti ya mwaka hamsini na saba mvua ilinyesha Stanleyville siku nne mfululizo, na kwenye ukuta wa ofisi ya uwanja wa ndege karatasi ilisema ni kiangazi. Karatasi hiyo ilitoka Léopoldville, mji mkuu wa koloni. Huko, kweli, Agosti halidondoki hata tone. Basi wakuu walichukua anga la kwao wakaligawia koloni nzima: toka katikati ya Mei hadi katikati ya Septemba, wachimba mifereji ya kutoa maji uwanjani warudishwe makwao, na uwanja wowote usifungwe bila ruhusa ya makao makuu.

Évariste alikuwa kapita wa uwanja, msimamizi wa wafanyakazi, mwaka wa kumi na tatu. Alizaliwa kwenye maporomoko ya mto, kwa wavuvi wanaosimika miti katikati ya maji makali. Kabla ya kusimika, baba yake alikuwa akivua viatu na kupima ardhi kwa kisigino. Alhamisi ile asubuhi Évariste alifanya vivyo hivyo kwenye njia ya kutua ndege. Mguu ulizama hadi kifundo.

Akaenda kwa Séverin, karani wa telegrafu, aliyekuwa akiomba Léopoldville ruhusa ya kufunga uwanja.

"Jibu imefika?"

"Bado, papa. Jana nilituma mara mbili. Leo tena."

"Na ndege?"

"Imetoka Léo. Saa tano iko hapa, na watu makumi mbili ndani."

"Alors, ule mutu wa kule anangoja nini?"

"Labda anangoja mvua imunyeshee yeye."

Mkuu wa uwanja, Mbelgiji aliyeitwa Verhasselt, alikuwa mlangoni, akasikia. Redio ilikuwa mkononi mwake. Angeweza kumwambia rubani maneno mawili tu. Hakuthubutu.

"Sina ruhusa," alisema. "Na wewe, Évariste, ukitandika ule musalaba bila telegramu, kazi imekwisha. Nyumba ya kambi pia."

"Nimesikia, bwana."

Évariste akatoka taratibu. Alimfikiria mkewe, Pétronille, na nyumba ile ya matofali waliyoingojea miaka sita. Kisha akafungua sanduku, akabeba vitambaa viwili vyeupe, akavitandika katikati ya uwanja kwa umbo la msalaba, alama ambayo kila rubani anaijua: usitue. Akavikandamiza kwa mawe, akasimama kando yake, mvua ikimpiga.

Ndege ilikuja chini chini, ikazunguka mara mbili, ikaufuata mto kwenda kutua Basoko.

Saa tisa telegramu ikafika: hakuna sababu ya kufunga, ni kiangazi. Jioni Évariste na Pétronille walikuwa wakihamisha vyombo kwa mkokoteni, kurudi maporomokoni.

"Nyumba ilikuwa na dirisha mbili," Pétronille alisema.

"Mbili."

"Na wale watu makumi mbili, wanajua jina yako?"

"Hapana."

"Bon. Sukuma."

Kapita mpya aliletwa kutoka Léopoldville. Alikagua uwanja akiwa amevaa buti, na Septemba mwanzoni ndege ya barua ikazama gurudumu moja, ikakatika mguu. Hakufa mtu. Jumapili iliyofuata Verhasselt alishuka maporomokoni, akamkuta Évariste anakausha nyavu.

"Évariste, mvua imeanza tena. Kesho kuna ndege. Ardhi iko namna gani?"

"Uliza Léo, bwana."

"Nimeuliza."

"Wamesema nini?"

Verhasselt alitazama mawingu meusi juu ya mto. Pétronille, aliyekuwa akifunga kwanga, mkate wa muhogo, katika majani, alicheka waziwazi.

"Nitarudi," Évariste alisema, "kama utaandika. Uwanja wa hapa, hapa ndipo inafungwa, hapa ndipo inafunguliwa. Wachimba mifereji warudi kesho. Na nyumba."

"Unajua sina mamlaka hayo."

"Kunifukuza ulikuwa nayo."

Viatu vya yule mzungu vilikuwa vimejaa tope. Akatoa kalamu na karatasi, akaandika kwenye goti, akatia sahihi.

Évariste hakuipokea. Alituma aitwe Séverin, ambaye alikuwa akiishi juu kidogo ya mto, na wote wakangoja hadi akafika. Séverin akaisoma kwa sauti mara mbili, neno kwa neno, mara ya pili kwa Kiswahili ili Pétronille asikie.

"Iko sawa, papa. Lakini Léo hawataikubali."

"Léo hawataiona," Évariste alisema, na akaanza kukunja nyavu.