Mapigo Yaliyobaki Vidoleni

Zamu ya mchana ilipoanza, muuguzi wa mapokezi ya dharura alifuta meza, akabadilisha betri ya kipimajoto, akaanza kuwapima mapigo wagonjwa wa kwenye benchi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na mtu.

Alikuwa kijana, fundi redio, aliyefika mwezi uliopita akilalamikia kifua. Muuguzi alimshika kifundo cha mkono, akayasikia mapigo, akamwambia akae amngoje daktari. Daktari alikuwa mmoja kwa hospitali nzima. Kijana alifariki akiwa ameketi, lakini mapigo yake yalibaki kwenye vidole vya muuguzi na hayakusimama tena. Mume wa muuguzi alinung'unika kidogo kwamba yanagonga mto, kisha akazoea.

Kila alasiri, akitoka kazini, mama wa kijana alipita kuushika ule mkono.

"Leo mbona anakimbia hivi? Umemfanya nini?"

"Nimepanda ngazi, mama."

"Mhurumie, mwanangu. Huyu na ngazi hawakuwahi kupatana. Mvivu huyu!"

Wakacheka.

Kisha akaja mtafiti, binti mpole, kuchunguza ubora wa huduma ya dharura na hatima ya wagonjwa waliopita pale. Mama alimsogezea mkono wa muuguzi.

"Mpime mwenyewe."

Mtafiti alivishika vidole, akatazama saa. "Mapigo mazuri," alisema.

"Basi andika kwamba alifika hai. Kwenye faili wameandika aliletwa amekufa."

"Mama, utaratibu wa hapa, mgonjwa anahesabiwa akishaonwa na daktari. Akifariki kabla, wanaandika hivyo."

"Aliletwa na nani? Alikuja kwa miguu yake. Tena mkoba wangu alinibebea yeye."

Mtafiti aliendelea kuvishika vidole hata baada ya kipimo kwisha, machozi yakimlengalenga. Akasema atauliza. Aliuliza kweli, akajibiwa kwamba wakimbadilisha mmoja itabidi wawabadilishe wote.

Ripoti ilipotoka, iliisifu idara: karibu wote waliofikiwa na daktari walipona. Ikabandikwa ukutani, juu ya benchi.

Mama aliisoma yote, polepole, kisha akatafuta pa kukaa. Mzee mmoja, aliyekuwa amejishika kifua tangu asubuhi, alijisogeza kumpa nafasi. Mama akaulaza mkono wa muuguzi mapajani pake. Mapigo yalikuwa mazito, yakija kwa utaratibu.

"Amelala," muuguzi alinong'ona. "Nikitembea kidogo ataamka."

"Muache, mwanangu," alisema mama, akivifunika vidole kwa ncha ya mtandio wake. "Amengoja sana."