Mkato wa Ishirini na Nne

Karakana ya mzee Swaka, pale Arua, ilikuwa na sheria moja: kisu cha mashine hubadilishwa kikianza kulia kwa ubutu. Baba yake alikuwa askari, na yeye aliamini kisu, kama askari, hufia kazini. Sawa, ila kila kilipokufa kiliondoka na kazi ya mtu. Mwaka huo pekee shafti tatu zilichimbwa na visu vilivyovunjika mwishoni mwa kazi, na mara zote tatu Swaka alimlaumu shetani.

Shakirah, fundi wake wa kukereza, hakumlaumu shetani. Alihesabu. Kwenye chuma kigumu cha shafti, hakuna kisu kilichovuka mkato wa ishirini na sita, na kimoja kilifia ishirini na nne. Basi akaamua: kikifika ishirini na mbili kinatoka, kiwe kinalia au kinaimba.

Siku hiyo alikuwa akikereza shafti ya kinu cha mashine cha Night Poni, mama mmoja kutoka mji wa Koboko. Kinu kilikuwa kimesimama siku tisa, na mtaa mzima ukitwanga kwa mkono. Chuma cha unene ule kilikuwa kimebaki kimoja tu Arua nzima, kikiharibika, basi. Mwenye kinu alikaa mlangoni akingoja. Ilipobaki mikato miwili, kisu kikiwa kimefika ishirini na mbili, Shakirah alizima mashine, akashika spana.

"Kisu iko bado muzuri," Swaka akasema. "Imebaki mbili tu. Wewe nataka zika mutu iko napumua?"

"Mzee, mimi nahesabu. Hii imefika."

"Hapa mwenye kuhesabu iko mimi."

Shakirah alifunga kisu kipya, akakereza taratibu mpaka mwisho. Shafti ikatoka inang'aa, beringi ikakaa sawasawa. Night Poni akapiga vigelegele hadi mafundi wa jirani wakaja kuchungulia.

Swaka, mbishi wa kuzaliwa, akaokota kile kisu kilichotolewa, akakijaribu kwenye shafti mbovu ili amwumbue. Mkato wa kwanza, safi. Akatabasamu. Wa pili, kisu hakikulia hata kidogo; kilikatika pa, kikachimba shimo la kuingia kidole.

Shakirah alijizuia kucheka kwa heshima tu. Mzee alilitazama lile shimo, kisha akavua kofia.

"Mwalimu," akasema, neno ambalo hakuwahi kumwita fundi yeyote, "fundisha mimi kuhesabu."