Koti Jekundu la Edson

Kule El Alto, mji wa juu milimani wenye baridi kali, mtaani kwa Fortunata, mwizi huonywa kwa sanamu. Kamati ya mtaa hukusanya nguo kuukuu, huzijaza majani makavu, ikaitia sanamu kitanzi shingoni na kuining'iniza kwenye nguzo ya umeme, ili kila mgeni ajue kwamba hapa hatungoji polisi. Ndivyo tulivyo. Anayetucheka hajaibiwa mtungi wa gesi kwenye baridi yetu.

Mwaka ule sanamu ilikuwa imeoza kwa mvua. Mwenyekiti Gumercindo akaitisha mkutano uwanjani, akataka nguo. Kisha akamgeukia Fortunata, mjumbe wa usalama.

"Mama Fortunata, si unalo lile koti jekundu la Edson? Au unamtunzia asipate baridi huko alikokimbilia?"

Watu wakaangua kicheko. Edson alikuwa mwanawe wa pekee. Akiwa kijana aliiba mtungi wa jirani, kamati ikamsimamisha mbele ya watu wamzomee, na kesho yake akapanda basi la kwenda Ajentina. Mtungi ulirudi kwa mwenyewe. Edson hakurudi. Kila Jumapili mama yake alilianika lile koti lisiliwe na nondo, maana akija angelitaka.

Neno lile lilimchoma Fortunata. Angewaambia, "Siwapi ng'o!" Lakini uso umeumbwa na haya, na alikuwa amechoka kuitwa mama wa mwizi. Akaenda nyumbani, akarudi na koti, akalitupa miguuni pa mwenyekiti.

"Haya, shibeni!"

Wakampigia makofi. "Huyo ndiye mjumbe!"

Sanamu ikavikwa koti, ikapandishwa kwenye nguzo ya kituo cha basi, wekundu wake ukionekana toka mbali. Kesho yake asubuhi Fortunata alimwendea Gumercindo.

"Mwenyekiti, nishushieni koti langu. Nitawapa nguo za marehemu mume wangu, zote."

"Ala! Mama, kilichopitishwa na mkutano hutenguliwa na mkutano. Si unazijua taratibu? Subiri Jumapili."

Akasubiri. Laiti angechukua ngazi akapanda mwenyewe!

Jumamosi jioni akabisha hodi Teofila, muuza mikate wa kituoni, aliyehamia mtaani baada ya Edson kuondoka. Mkononi alikuwa na mfuko wa mikate.

"Shoga, leo nimekusifia, utanishukuru! Kuna kijana kashuka basini na begi lake, kanunua mikate hii, mara kainua macho, kasimama anaitazama sanamu weee, nikadhani mlevi. Kaniuliza, 'Koti lile kalitoa nani?' Nikamwambia, 'Mama wa mwizi mwenyewe! Kwa mkono wake, mbele ya mtaa mzima. Fortunata hana mchezo!'"

"Akasemaje?"

"Kanipa mfuko, eti nikuletee wewe, kisha kapanda basi lilelile kurudi mjini."

"Ana kovu kwenye nyusi?"

"Eeh, upande wa kushoto. Kumbe unamjua?"

Fortunata alitoka mbio, bila hata shali. Kituoni alikuta basi jingine likipakia watu wengine. Akaita jina la mwanawe kwenye kila dirisha, abiria wakamshangaa.

Jumapili Gumercindo aliuliza nani anaafiki sanamu ishushwe. Mikono yote ikainuka, hata ya waliocheka. Mwenyekiti akapanda ngazi mwenyewe, akakata kamba, akaja kumkabidhi koti kwa mikono miwili.

"Tusamehe, mama."

"Niwasamehe nini? Ninyi mliomba tu. Aliyelitoa ni mimi."

Alilifua, lakini hakulianika tena ndani ya ua. Kila Jumapili hulivaa yeye, mikono yake ikimzidi kwa urefu, akaenda kukaa chini ya ile nguzo, atazamane na kila anayeshuka.