Kidole cha Baba Kwenye Spika

Mimi nasuka koili za mapangaboi na pampu za maji pale Msambweni, mwaka wa kumi na moja sasa, na sipendi kuelekezwa kazi. Anayetaka kunifundisha umeme aje akalie kiti changu kwanza. Nasema haya mapema ili tukifika pale nilipoaibika, mjue nilianguka kutoka wapi.

Baba yangu, Mzee Suleiman, alikuwa akipiga gambusi, ile ala ya nyuzi yenye uso wa ngozi, kwetu Munje tangu kabla sijazaliwa. Alipiga kwenye harusi ya dada yangu Twaiba, akapiga na kwenye yangu, yeye barazani nami bibi harusi ndani nikisubiri kutolewa. Alibaki Bushra, kitindamimba wetu. Mwaka juzi kiharusi kikamshika mzee upande wa kulia. Mkono ulirudi, ila nguvu hazikurudi zote. Bushra ndiye aliyekaa naye, akiukanda mkono ule kwa mafuta ya nazi kila jioni, kisha akikaa ubavuni pake huku mzee akijaribu nyimbo zake. Alipiga, lakini mtu wa chumba cha pili hakusikia kitu.

Harusi ya Bushra ilipopangwa, shangazi zetu wakasema ataletwa kijana wa kinanda kutoka Ukunda, baba akae tu ale pilau.  Niliona baba alivyolitazama gambusi pale ukutani, nikaumia.

"Baba," nikamwambia, "mkono wako umepungukiwa na nguvu. Umeme unazo. Niachie mimi."

Siku tatu nilisuka koili ya waya mwembamba kama unywele, mizunguko elfu tano na ushei, nikaweka sumaku katikati. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa kwenye waya. Amplifaya huukuza, na spika huurudisha kuwa sauti. Nikaenda Munje nikitembea kifua mbele, nikatoa shikamoo, nikafunga vitu vyangu.

"Piga, baba."

Akapiga. Spika kimya.

Nikakagua viungo vyote nilivyolehemu. Nikailaumu amplifaya. Nikamuuliza baba, kwa sauti ambayo mtoto hampazii mzazi, kama alikuwa amezichezea nyaya. Nikagusisha bisibisi kwenye koili, spika ikashtuka. Koili ilikuwa nzima. Baba akapiga tena, kimya vilevile.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hiyo sumaku yako yapenda nini?"

"Chuma, baba."

Akauvuta uzi mmoja kwa ukucha. "Na huu ni nini?"

Ulikuwa mshipi wa kuvulia. Magambusi ya kwetu hufungwa mshipi, na mimi mwenyewe utotoni ndiye niliyekuwa nikitumwa dukani kuununua. Nailoni tupu. Sumaku yangu ilikuwa imetegeshwa mbele ya kitu isichokiona. Nilitamani ardhi ipasuke nizame, na baba akacheka mpaka akakohoa. Nyuzi za chuma zisingefaa. Zingelivunja shingo gambusi lile kuukuu, na vidole vyake visingeweza kuzibana.

Nikarudi dukani kwangu Msambweni na hasira zangu. Hapo saa ya mezani, iliyoletwa kutengenezwa, ikalia kwenye rafu, nikakumbuka kile kisahani chembamba cha shaba kilichomo ndani yake. Ukikipa umeme kinatikisika kikalia. Ukikitikisa, kinakupa umeme. Hakijali chuma wala nailoni. Nikakigundisha kimoja kwenye ngozi ya gambusi, chini ya kijiti kinachoinua nyuzi. Sauti ikatoka nyembamba kama ya kopo, maana umeme wa kisahani ni dhaifu na amplifaya ilikuwa ikiumeza. Nikaweka katikati transista ya redio mbovu iupokee kwanza, na sauti ikajaa tumbo.

Baba alifumba macho akapiga, nyumba nzima ikajaa gambusi. Kisha tukasikia kitu kingine. Tik. Tik. Kidole chake cha mwisho, ambacho hakijapona, kilikuwa kikiburutika na kuigonga ngozi. Bila umeme hakikusikika ila kwa mtu aliyekaa naye bega kwa bega. Sasa kilikuwa kwenye spika.

Akalilaza gambusi mapajani. "Hilo sitaki watu walisikie, Nusra. Afadhali huyo kijana wa kinanda."

Nikamwekea kapasita, ambayo huzivuta sauti kali na kuzipoteza, zile nene zikabaki. Nikaiunga na kidude cha kuzungusha kando ya amplifaya, kama kile cha sauti kwenye redio. Ukikipeleka kushoto, ile tik inatoweka. Ukikipeleka kulia, kila kitu kinarudi. Nikamwapia baba kwamba kitakaa kushoto.

Siku ya harusi, baada ya nikahi ya alasiri, baba alikaa barazani na wanaume. Amplifaya ilikuwa ndani kwa wanawake, mbele yangu, spika moja huku na moja kule barazani. Akaanza. Sauti ilikuwa laini, nene, nzuri, ila ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Wanawake waliendelea na soga zao.

Bushra akaniinamia chini ya ushungi wake. "Dada, baba amekataa, sivyo? Hii mwaipiga kutoka kwenye simu."

"Ni yeye. Yuko nje hapo."

"Usinidanganye siku ya leo." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na wanja ulikuwa karibu kuharibika.

Nilikuwa nimeapa. Lakini niliukunjua mkono, nikakizungusha kidude kulia mpaka mwisho.

Tik.

Bushra aliinua kichwa.  Taratibu, kwa mkono wake uliojaa hina, akaanza kukikanda kidole chake mwenyewe cha mwisho, kama alivyokuwa akimkanda mzee kila jioni. Huko barazani gambusi likasita pigo moja. Kisha likaendelea, na tik ikaendelea nalo, hadi bibi harusi alipotolewa.

Jioni baba aliniita. Nilikwenda nikiwa tayari kugombezwa.

"Kile kidude kilikuwa upande gani?"

"Kulia, baba. Nisamehe."

Akalivuta gambusi mapajani. "Bushra alisikia?"

"Alisikia."

Akanikabidhi gambusi kwa mikono miwili nikalitundike. "Basi kidude kigundishe hapo hapo kulia," akasema, "kisizunguke tena."